Maswali ya Wasomaji: Ukuta Nao Una Neno

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi kwamba uji, zege na dawa ya meno havifuati kanuni ya mnato aliyoidokeza Newton mwaka 1687, ile inayosema kwamba mkazo kati ya tabaka na tabaka la kiowevu huwiana na tofauti ya kasi ya matabaka hayo. Tulimalizia kwa sentensi moja tu, kwamba baadhi ya giligili hizo huteleza kwenye kuta za vyombo vyake. Sentensi hiyo ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko maelezo yote yaliyoitangulia, na tumeona ni haki kuipa toleo zima.

*Mhariri, salaam. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba tabaka la kiowevu linalogusa ukuta husimama pamoja na ukuta. Ninyi mmeandika kwamba uji huteleza. Niwafundishe nini?*
Mwalimu wa sekondari, Tanga

Mwalimu, endelea kufundisha hivyo kwa maji, mafuta ya taa na hewa inayopita katika vyombo vya kawaida, ila uwaambie wanafunzi jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kauli hiyo haitokani na milinganyo ya mwendo wa giligili, bali imewekwa kando yake kama sharti la mpakani. Milinganyo inaeleza yanayotokea ndani ya giligili, na ikifika ukutani hukoma, kwa hiyo ni lazima mwenye hesabu aiambie ukuta unafanya nini. Navier, mhandisi Mfaransa aliyeiandika milinganyo hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1820, hakuchukulia kwamba kasi ukutani ni sifuri. Alipendekeza kwamba giligili iteleze kwa kasi inayowiana na mteremko wa kasi pale ukutani, yaani na jinsi kasi inavyopanda upesi kadiri tunavyoondoka ukutani kwenda ndani. Kizidisho kinachounganisha viwili hivyo kina kipimo cha urefu, nacho huitwa urefu wa mtelezo. Ukichora mstari wa kasi kutoka ndani ya giligili na kuuendeleza kwa kuunyoosha hadi ndani ya ukuta, urefu huo ndio kina ambacho kasi ingefikia sifuri.

Stokes, alipoifikia tena milinganyo hiyo mwaka 1845, alisita kuhusu sharti la ukutani, kwa kuwa vipimo vya mabomba alivyokuwa navyo havikukubaliana na hesabu zake. Sharti la kutoteleza lilikuja kushinda kwa nguvu ya vipimo, hasa vile vya mirija myembamba alivyovifanya daktari Poiseuille, wala si kwa uthibitisho wa kihisabati. Mwaka 1879 Maxwell alionyesha kwamba gesi kweli huteleza, na kwamba urefu wa mtelezo wake unakaribiana na umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kugongana na nyingine, umbali ambao kwa hewa ya usawa wa bahari ni karibu nanomita 70. Huo ni urefu mdogo mno, na ndiyo maana hakuna fundi bomba anayehitaji kuujua.

Kwa maji hali ni kama hiyo. Vipimo vya kisasa juu ya nyuso laini zinazoyakataa maji hutoa urefu wa mtelezo wa nanomita chache hadi makumi machache. Katika mrija wa mviringo, mtelezo huongeza kiasi cha mtiririko kwa sehemu inayolingana na mara nne ya urefu wa mtelezo ikigawanywa kwa nusukipenyo. Tukichukua nanomita 20 na mrija wenye nusukipenyo cha sentimita 1, nyongeza hiyo ni sehemu 8 katika milioni. Mwanafunzi wako hataiona hata akipima mwaka mzima.

Uji ni habari nyingine, kwa sababu si kitu kimoja. Ni maji yenye punje za wanga zilizovimba, na punje haiwezi kuweka kitovu chake karibu na ukuta kuliko nusukipenyo chake yenyewe. Hivyo kandokando ya ukuta hubaki utando mwembamba wenye maji mengi na punje chache, nao una mnato mdogo sana kuliko uji wa katikati. Kwa uhalisia maji ya utando huo yamesimama ukutani kama ulivyofundisha, lakini kasi hupanda ghafla ndani ya utando ambao jicho haliuoni, na kwa mtu anayeutazama uji kwa ujumla wake ni kama wote umeteleza. Kila anayepakua ugali kwa kulilowesha bakuli maji kwanza, akauviringisha ugali humo ukazunguka bila kuganda, ameutengeneza utando huo kwa mkono wake. Uji na mtindi hujitengenezea wenyewe.

*Katika maabara yetu ya chakula tuna reomita, yaani kifaa cha kupimia mnato, ya mabamba mawili ya chuma laini. Uji uleule, joto lilelile, mkazo uleule: tukiacha nafasi ya milimita 1 kati ya mabamba tunapata mnato mmoja, tukiacha nusu milimita tunapata mdogo zaidi. Wenzangu wanasema chombo kimeharibika. Je, tukipeleke kwa fundi?*
Mtaalamu wa maabara, Morogoro

Ndugu, kabla ya kukipeleka kwa fundi, tunakuomba utazame tena namba zako, kwa maana huenda chombo chako kinasema kweli na sisi ndio tunaokisoma vibaya. Mnato ni sifa ya kitu chenyewe, kwa hiyo haupaswi kubadilika kwa sababu ya ukubwa wa nafasi. Unapobadilika kwa mpangilio, ukipungua kila nafasi inapopunguzwa, mtuhumiwa wa kwanza ni mtelezo.

Hesabu yake ni fupi. Reomita hupima kasi ya bamba la juu na kuigawanya kwa nafasi, ikidhani kwamba tofauti yote ya kasi imetandazwa sawasawa ndani ya uji. Ikiwa uji unateleza kwenye mabamba yote mawili, sehemu ya kasi hiyo imeliwa na mtelezo, na mteremko wa kasi unaosomwa ni ule wa kweli ukiongezewa mara mbili ya kasi ya mtelezo ikigawanywa kwa nafasi. Nafasi ikiwa ndogo, nyongeza hiyo ni kubwa. Mooney alilieleza jambo hili kwa mirija mwaka 1931, ambako nyongeza ni mara nne ya kasi ya mtelezo ikigawanywa kwa nusukipenyo, na Yoshimura na Prud'homme wakalifafanua kwa mabamba mwaka 1988.

Hebu tuchukue namba za mfano, tulizozitunga ili hesabu ionekane. Mkazo ni paskali 5 katika vipimo vyote. Kwa nafasi ya milimita 1 reomita inasoma mteremko wa kasi wa 30 kwa sekunde, kwa hiyo inatangaza mnato wa 5 kugawanya kwa 30, yaani karibu 0.17 paskali-sekunde. Kwa nusu milimita inasoma 40, na mnato unatangazwa kuwa 0.125. Sasa chora grafu: mhimili wa wima uwe mteremko wa kasi uliosomwa, na mhimili wa ulalo uwe 1 kugawanya kwa nafasi. Nukta zako mbili ziko kwenye 1 na 2 kwa kila milimita, na mstari unapanda kwa 10. Hiyo 10 ni mara mbili ya kasi ya mtelezo, kwa hiyo uji unateleza kwa milimita 5 kwa sekunde. Uendeleze mstari kurudi nyuma hadi ukate mhimili wa wima, mahali ambapo nafasi ni kubwa kiasi kwamba mtelezo hauna uzito, nawe utapata 20. Mnato wa kweli chini ya mkazo huo ni 5 kugawanya kwa 20, yaani 0.25 paskali-sekunde, mara mbili ya ule uliosomwa katika nafasi ya nusu milimita.

Usiishie hapo. Nukta mbili daima hupitiwa na mstari mmoja, kwa hiyo hazithibitishi chochote. Pima nafasi ya tatu, milimita 2, na ikiwa maelezo haya ni ya kweli kwa mfano wetu utasoma 25. Nukta ya tatu ikikaa nje ya mstari, basi kuna jambo lingine: uji umekauka pembeni, umepoa, au punje zimetuama chini. Angalia pia ukubwa wa punje zenyewe. Wapimaji wengi hutaka nafasi iwe angalau mara kumi ya punje kubwa kuliko zote, na kama unga wako ni wa dona lenye vipande vya nusu milimita, hata milimita 2 haitoshi.

Je, milimita 5 kwa sekunde ni kasi ya kuaminika? Tuipime kwa fizikia ya utando. Utando wa maji wenye unene wa maikromita 1, ukivutwa na mkazo wa paskali 5, na mnato wa maji ukiwa karibu 0.001 paskali-sekunde kwa nyuzi 20, hutoa kasi ya mkazo mara unene gawanya kwa mnato, ambayo ni milimita 5 kwa sekunde kamili. Maikromita 1 tu! Nayo inalingana na urefu wa mtelezo wa robo milimita, mara zaidi ya 12,000 ya zile nanomita 20 tulizomtajia mwalimu wa Tanga. Ndiyo maana tunasema kwamba sharti la kutoteleza, ambalo kwa maji ni salama kabisa, kwa uji laweza kuwa kosa kubwa kuliko makosa mengine yote ya kipimo kwa jumla.

Kuna njia ya kuuzuia mtelezo badala ya kuuhesabu. Tumia mabamba yenye miinuko na mabonde, au bandika msasa juu ya mabamba laini, au tumia kifaa chenye mapezi kinachozungushwa ndani ya uji ili uji ukatike ndani kwa ndani, mbali na ukuta laini. Maoni yetu ni haya: zuia mtelezo unapotaka kujua sifa za uji, lakini upime na kuuhesabu unapotaka kujua jinsi uji utakavyopita katika bomba la kiwanda, kwa maana bomba la kiwanda ni laini na halitabandikwa msasa.

*Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Kabla ya kusukuma zege kwa pampu, fundi wetu mzee hulazimisha upitishwe kwanza uji wa saruji. Kijana mmoja mhandisi alikokotoa kwamba zege letu ni zito mno na pampu haitaliweza, lakini pampu imeliweza. Nani yuko sahihi?*
Msimamizi, Mombasa

Fundi wako yuko sahihi, na mhandisi wako amekosea mahali pamoja tu, napo ni ukutani.

Zege bichi lina kile tunachoweza kukiita mkazo wa kizingiti: chini ya mkazo huo halitiririki, linakaa kama kitu kigumu, na juu yake huanza kutiririka. Bingham ndiye aliyeiweka tabia hiyo katika hesabu mwanzoni mwa karne ya 20, na ni yeye aliyeipatia taaluma hii ya mtiririko wa vitu jina la reolojia mwaka 1920. Herschel na Bulkley waliongeza kipeo mwaka 1926 kwa vitu ambavyo, baada ya kizingiti kuvukwa, mkazo wake haupandi kwa mstari ulionyooka.

Tuchukue, kwa mfano tu, zege lenye kizingiti cha paskali 500 katika bomba la kipenyo cha milimita 125. Mkazo ndani ya bomba ni sifuri katikati na mkubwa kuliko kote ukutani, na mkazo huo wa ukutani ni upotevu wa kanieneo kwa kila mita ukizidishwa kwa nusu ya nusukipenyo. Kama zege haliruhusiwi kuteleza, hakuna kitakachosogea mpaka mkazo ukutani uvuke 500, na hiyo inahitaji paskali 16,000 kwa kila mita hata kabla mwendo haujaanza. Kasi yoyote ya maana itahitaji zaidi ya hapo. Bila shaka ndivyo kijana alivyokokotoa.

Lakini zege linaposukumwa, kokoto husogea kuelekea katikati na saruji laini pamoja na mchanga mwembamba hubaki kando, zikifanya tabaka la ulainishaji lenye unene wa milimita chache. Tuseme unene ni milimita 2, mnato wa tabaka ni 2 paskali-sekunde, na kizingiti cha tabaka lenyewe tukipuuze. Mkazo wa ukutani wa 300 tu, ulio chini ya kizingiti cha zege, hutoa kasi ya sentimita 30 kwa sekunde. Zege zima la ndani husafiri kama gogo moja bila kukatika popote, na kwa bomba hilo ni karibu mita za ujazo 13 kwa saa, kwa upotevu wa paskali 9,600 kwa mita. Kwa kanieneo hiyohiyo, hesabu ya kutoteleza inatoa jibu la sifuri. Si kosa la asilimia chache ambalo mtu angelifidia kwa kuongeza akiba kidogo kwenye pampu: modeli moja inasema zege limesimama, nyingine inasema linamiminika juu.

Uji wa saruji anaoudai fundi huweka tabaka hilo kabla zege lenyewe halijapata nafasi ya kulitengeneza, maana bomba kavu hunyonya saruji ya zege la kwanza na kuacha kokoto tupu, ambazo hujibana. Kwa sababu hiyohiyo kiungo cha bomba kinachovuja ni hatari kuliko kinavyoonekana: kinachotoka pale ni kilainishi chenyewe. Ndani ya jengo la Burj Khalifa huko Dubai zege lilisukumwa hadi kimo kinachozidi mita 600, na hakuna pampu ambayo ingefanya hivyo kama zege lingekuwa linagandamana na ukuta njia nzima. Ila umkumbushe mhandisi kwamba katika bomba la wima uzito wa zege, karibu paskali 23,500 kwa kila mita, unabaki palepale, na mtelezo haupunguzi hata kidogo.

*Naandika tasnifu ya uzamili katika hisabati tumizi. Tatizo langu ni mtiririko wa giligili ya kanuni ya kipeo juu ya bamba linalovutwa, pamoja na mtelezo ukutani. Msimamizi wangu amenitaka niongeze kigezo cha mtelezo na kuchora grafu kwa thamani zake 0, 0.5 na 1. Nimezichora, lakini sijui zina maana gani, na sina uhakika programu yangu ni sahihi.*
Mwanafunzi, Dodoma

Mwanafunzi wetu mpendwa, swali lako ni zuri kuliko grafu zako, na tunakusihi usiliache hadi lijibiwe ndani ya tasnifu yenyewe. Tumeona kazi nyingi za aina hii ambamo kigezo cha mtelezo huongezwa kama chumvi, kikapewa thamani tatu, na mistari mitatu ikachorwa bila mtu kuuliza ni kitu gani kinachoteleza juu ya nini.

Tuanze na usahihi wa programu, kwa kuwa lipo jaribio la hakika. Weka kipeo cha giligili, yaani n ambayo mteremko wa kasi hupandishwa kwayo ili kupata mkazo, kuwa 1, ili tatizo lirudi kuwa la Newton. Crane alilitatua kikamilifu mwaka 1970 bila mtelezo, na mtelezo ukiongezwa jibu kamili bado lipo. Mlinganyo ni f''' + f f'' − (f')² = 0, wenye masharti f(0) = 0, f'(0) = 1 + λ f''(0), na f' kukaribia sifuri mbali na bamba; hapa f' ni kasi ya giligili ikilinganishwa na ya bamba, η ni kipimo cha umbali kutoka bambani, na λ ni kigezo chako cha mtelezo. Jaribu f = m(1 − e^(−mη)). Utaona inatosheleza mlinganyo kwa m yoyote, na sharti la ukutani linabaki kudai tu kwamba λm³ + m² = 1. Kwa λ = 0, m ni 1, ambalo ni jibu la Crane. Kwa λ = 1, m ni 0.7549, kasi ya giligili ukutani f'(0) ni 0.5698, na −f''(0), kiwakilishi cha mkazo, ni 0.4302. Jumla ya namba hizo mbili ni 1, kama sharti linavyotaka. Programu yako isipotoa 0.4302 hapo, usiendelee mbele hata hatua moja.

Kosa tunalolishuku kwanza ni alama. Sharti la Navier linahesabu mteremko wa kasi kuelekea ndani ya giligili. Juu ya bamba, mhimili wa y tayari unaelekea ndani, lakini katika bomba nusukipenyo hukua kuelekea ukutani, kwa hiyo alama hugeuka. Anayeinakili fomula ya bamba na kuiweka kwenye bomba bila kugeuza alama anapata ukuta unaorudisha giligili nyuma, na kompyuta haitamkatalia.

Sasa tuje kwenye maana. Kwa giligili ya Newton, kusema kwamba kasi ya mtelezo inawiana na mteremko wa kasi na kusema kwamba inawiana na mkazo ni kitu kimoja, kwa sababu mkazo na mteremko wenyewe huwiana. Kwa giligili yako hayo ni masharti mawili tofauti. Ukiandika kwamba mtelezo unawiana na mkazo, urefu wa mtelezo unakuwa sawia na mteremko wa kasi uliopandishwa kwa kipeo n − 1, hivyo kwa n = 0.5 mteremko ukiongezeka mara nne, urefu wa mtelezo hupungua kwa nusu. Chagua sharti kwa sababu ya kifizikia. Kama mtelezo wako unatokana na utando mwembamba wa maji, kama tulivyomweleza ndugu wa Morogoro, utando hauvutwi na chochote ila mkazo, kwa hiyo sharti la mkazo ndilo lenye msingi.

Na hapa kuna mtego ambao tungependa uuone kabla mtahini hajauona. Bamba lako linavutwa kwa kasi inayowiana na umbali x kutoka kwenye mwanya linakotokea. Kwa kanuni ya kipeo, badiliko la vigezo linaloondoa x katika mlinganyo lenyewe lina x iliyopandishwa kwa (1 − n)/(1 + n). Ukiliingiza katika sharti la Navier lenye urefu wa mtelezo usiobadilika, x haitoki: λ yako inabaki kuwiana na x kwa kipeo hichohicho. Kwa n = 0.5 kipeo ni theluthi moja, maana yake ukisogea umbali mara nane, λ huongezeka maradufu. Ukitumia sharti la mkazo, kipeo kinageuka kuwa kasoro theluthi moja, na λ hupungua kwa nusu katika umbali uleule. Masharti mawili yanayoandikwa kana kwamba ni ndugu yanakwenda pande zinazopingana! Kwa n = 1 peke yake x hutoweka. Kwa hiyo grafu zako za λ = 0, 0.5 na 1 hazielezi bamba zima. Ama useme wazi kwamba λ ni ya mahali pamoja, na kwamba jibu ni la kukadiria, ama ulitatue tatizo pamoja na x bila kulipunguza. La pili ni kazi zaidi, na ndilo tunalolipendelea.

Mwisho wa ushauri wetu kwako ni huu: λ ni urefu wa mtelezo ukigawanywa kwa unene unaowakilisha tabaka la mpakani. Ukiweka λ = 1 umesema kwamba viwili hivyo vinalingana. Andika katika tasnifu ni kitu gani unachokidhania, utando wa unene gani na wa mnato gani, kisha ukokotoe λ kutoka hapo. Huenda ukapata 0.02, na grafu zako zikakaribiana mno. Hilo nalo ni jibu, tena la heshima.

*Mimi ni muuguzi. Nimesoma mahali kwamba damu nayo ni giligili isiyo ya Newton na kwamba huteleza kwenye mishipa. Je, ni kweli?*
Muuguzi, Kisumu

Ni kweli kwa sehemu, Muuguzi. Damu ina chembe nyekundu zinazoshikamana inapokwenda polepole na kutawanyika inapokwenda upesi, kwa hiyo mnato wake hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Wengi huieleza kwa modeli ya Casson, ambayo asili yake mwaka 1959 ilikuwa wino wa uchapaji. Katika mishipa mikubwa ya ateri, ambako mwendo ni wa kasi, modeli ya Newton na sharti la kutoteleza hutosha kwa mambo mengi.

Neno mtelezo linaingia kwenye mishipa midogo. Fåhræus na Lindqvist, huko Sweden, walionyesha mwaka 1931 kwamba katika mirija yenye kipenyo cha chini ya milimita 0.3 hivi damu huonekana kuwa na mnato mdogo kadiri mrija unavyokuwa mwembamba. Utaona kwamba ni dalili ileile ya reomita ya Morogoro, kipimo kinachobadilika kwa ukubwa wa njia. Sababu yake pia inafanana: chembe nyekundu hujikusanya katikati na kuacha tabaka la plazima, yaani umajimaji wa damu usio na chembe, kando ya ukuta. Plazima yenyewe haitelezi, imeshika ukuta, ila ni nyepesi kuliko damu nzima, na modeli inayotumia giligili moja hulazimika kuiita hali hiyo mtelezo. Sisi tungependelea modeli ya matabaka mawili, kwa kuwa unene wa tabaka la plazima unaweza kuonekana na kupimwa kwa hadubini, ilhali urefu wa mtelezo huwa unarekebishwa tu hadi ulingane na data. Na katika kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, ambamo chembe nyekundu yenye upana wa karibu maikromita 8 hupita moja moja ikijikunja, hakuna tena damu ya katikati na tabaka la kando: kuna chembe, kuna plazima, na kila moja inahitaji mlinganyo wake.